Mikaratusi Mitatu Nyuma ya Zizi

Wiki ya Pasaka, mwaka wa pili wa korona, mama alinipigia kutoka nyumbani, chini ya Mlima Meru, akaniambia siku ya kuvunja chungu imepangwa. Jumanne, saa tatu asubuhi, uwanjani kwa ukoo. Alitaka nijue ili nami nifunge kula siku hiyo kama ndugu wengine, hata kama niko Sydney. Nikasema sawa, mama. Nikakata simu, nikaendelea kukwangua karoti za chakula cha jioni mpaka nikajikwangua kidole, maana mtu ambaye chungu hicho kilikuwa kinamtafuta ni mimi, na mama hakujua.

Niwaeleze wasiotujua. Kwetu mtu akifanyiwa ubaya mkubwa na mbaya wake hajulikani, ukoo hutangaza mara tatu, vikaoni na sokoni, kwamba aliyefanya ajitokeze. Akijitokeza, yanakwisha kwa maneno na kondoo mmoja. Asipojitokeza, wazee huleta chungu kipya, aliyeumizwa hukishika kwa mikono miwili, husema anayoyasema, kisha hukipiga chini. Kuanzia hapo ubaya humfuata mkosaji, yeye na uzao wake. Hata akijulikana baadaye, hapewi mkono wala salamu, wala wanawe hawapewi, mpaka aje kwa miguu yake mwenyewe, asimame juu ya vile vigae, wazee wamtakase. Kwa barua haiwezekani, wala kwa simu. Na mama yangu ni mzee wa kanisa, anavaa kitenge cha akina mama wa usharika, anawakemea wanaokwenda kwa waganga. Usiniulize inakuwaje. Mzike kwanza mwanao wa mwisho, ndipo uniulize.

Aliyezikwa ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni akiwa hajaota meno, nilimfunza kufunga kamba za viatu, na alipokuwa mkubwa wa kunipita kichwa bado aliniita dada kwa sauti ile ile ya kuomba andazi. Alikuwa mpishi wa watalii. Alioka keki kwenye sufuria juu ya mafiga matatu, porini, upepo unavuma, na wageni wakaomba waongezwe. Korona ilipoingia, safari zote zilifutwa, naye akarudi kwa mama na begi lake la visu. Mwezi wa kwanza alipaka nyumba rangi. Mwezi wa pili akaanza kunitumia ujumbe wa sauti mrefu mrefu, na ndani yake nikaanza kusikia neno Mjerumani.

Kwetu ukisema Mjerumani hivyo, peke yake, watu wanajua unazungumzia mashimo. Walowezi wa Kijerumani walilima kahawa pale chini ya mlima tangu kabla ya vita ya kwanza. Wakafukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena vita ya pili ilipoanza, safari hii juu ya malori, kila mtu na mzigo wa kubeba mkononi. Watu wakapiga hesabu yao: vingine vyote wamevifukia. Vijana wamechimba chini ya kila ngazi ya mawe na kila mti uliopandwa na Mzungu, na hakuna aliyepata kitu zaidi ya msumari, lakini hakuna aliyeacha.

Bibi yangu alichuma kahawa kwenye shamba mojawapo akiwa msichana. Alituambia kwamba siku moja, mchana kweupe, bwana wa shamba aliwafukuza wafanyakazi wote wakae ng'ambo ya mto, akabaki na wanaume watatu. Wakachimba shimo refu kuliko kaburi, nyuma ya zizi. Wale wanaume watatu hawakumaliza wiki mbili, wote walikufa. Bibi alisema bwana aliwatilia sumu ili siri isitoke. Aliisimulia huku anapepeta maharage, bila kupandisha sauti, na sisi watoto hatukuwahi kumwuliza kama ana hakika.

Sasa mimi. Nilikuwa nimekaa Sydney miaka kumi na moja. Naishi Rooty Hill na binti yangu, niliyempa jina la mama kama desturi yetu inavyotaka. Kiswahili anakielewa chote, lakini anajibu kwa Kiingereza, isipokuwa maneno mawili: Shikamoo, Bibi. Hayo hakosi, na mama hachoki kuyasikia. Kazi yangu ni kwenye nyumba ya kulelea wazee, upande wa Westmead, safari fupi ya treni. Naogesha, nalisha, nageuza, nabadilisha, halafu naandika kwenye kompyuta kwamba nimeogesha, nimelisha, nimegeuza, nimebadilisha.

Mwaka wa kwanza wa korona tulikuwa na bibi mmoja wa miaka tisini. Faili lake lilisema Mjerumani. Kiingereza chake kilikuwa kimeshaondoka na akili, na Kijerumani kilikuwa kinafuata nyuma. Wenzangu walisema anapayuka tu. Siku niliyopangiwa chumba chake nilikuwa nimevaa barakoa, kioo cha plastiki usoni, aproni na glavu, kilichobaki wazi ni kipande cha mkono juu ya kifundo. Alikitazama hicho kipande, akasema, "Wewe. Leta maji moto. Upesi."

Nilisimama na taulo mkononi. Miaka yote hiyo hakuna mzee aliyewahi kunisemesha Kiswahili, na wa kwanza kunisemesha ananituma. Nikamjibu, "Bibi, kwetu tunaanza na salamu." Akanikazia macho yake ya bluu. "Salamu baadaye. Maji kwanza." Nilicheka ndani ya barakoa, lakini pia nilichukia, sitaki kudanganya. Alizaliwa kwenye shamba la kahawa Tanganyika, akalelewa na yaya, na Kiswahili alichokwenda nacho duniani ni kile cha kuagizia.

Binti yake ni mama wa miaka sitini hivi, mwalimu mstaafu. Ndugu walikuwa wamekatazwa kuingia ndani, kwa hiyo kila Alhamisi saa tisa alasiri alisimama nje kwenye majani, sisi tunasogeza kitanda dirishani, wanaongea kwa simu huku wanatazamana kupitia kioo. Nilipomwambia kwamba mama yake hapayuki, kwamba anasema Kiswahili na mimi namwelewa, alilia mpaka barakoa ikalowa. Alikuwa anaandika kitabu cha historia ya ukoo wao. Akaniomba niwe mkalimani, nami nikakubali, kwa sababu ni mtu mstaarabu na kwa sababu nilitaka kusikia.

Nikasikia. Babu wa babu yao aliondoka Ujerumani na mkokoteni kwenda nyika za Urusi, walikoahidiwa ardhi na kusamehewa jeshi. Msamaha ulipofutwa, wajukuu wakashika njia, wakapanda meli hadi Tanga, wakapanda na magari ya ng'ombe hadi Meru. Vita ikawatoa. Wakarudi. Vita nyingine ikawatoa, wakawekwa kambini, wakapelekwa Ujerumani ambako huyu bibi hakuwahi kukanyaga kabla, wakakuta vifusi. Ndipo wakaomba meli ya Australia. "Hatujawahi kuzikana vizazi vitatu kwenye udongo mmoja," binti alisema nje ya dirisha, kalamu mkononi. Nilitaka kumwuliza kuhusu wenye huo udongo, lakini nilikuwa zamu.

Alhamisi moja alibandika picha ya zamani kwenye kioo ili mama yake aione. Nyumba ya mawe yenye tao mlangoni. Zizi. Nyuma ya zizi, mikaratusi mitatu michanga, na nyuma ya yote mlima wetu, ubavu wake mmoja umemeguka. Hapa Sydney mikaratusi ndiyo wenyeji, imejaa kila kona na hugeuki kuitazama. Ile mitatu nimepita chini yake kila siku ya shule kwa miaka saba. Siku hizi haikumbatiki na watu wawili. Nyumba imebaki kuta, na shamba ni lile lile alilochumia kahawa bibi yangu. Nikasema tu, "Pazuri hapo."

Kwenye treni ya kurudi nyumbani nilimweleza mdogo wangu. Hakukawia dakika moja. "Dada," akasema, "muulize."

Nilimwuliza asubuhi iliyofuata, nikimchana nywele. "Bibi, nyuma ya zizi, kwenye ile miti mitatu. Baba alifukia nini?"

Kitana kilikuwa bado kichwani mwake alipogeuka. Sauti ilitoka nyembamba, ya mtoto wa miaka minane. "Nani nasema wewe?"

"Naijua ile miti, Bibi."

"Baba napanda miti juu yake. Iko chokaa mingi. Hapana chimba."

"Kuna nini chini?"

Akaweka kidole mdomoni. "Baba nakataza. Serikali nasikia, nafunga shamba." Kisha akanishika kifundo cha mkono, na sikujua kama bado ana nguvu zile. "Ambia watu yote. Hapana gusa. Mtu nagusa, nakufa."

Damu ilinichemka. Nilimwona bibi yangu na ungo wake, nikawaona wale wanaume watatu. Nikasema moyoni, huyu hakumbuki jina la binti yake aliyemzaa, lakini mali ya baba yake bado anailinda, na bado anatutisha tusiguse. Maisha yao yote pale walitwambia tusiguse: maji ya mfereji tusiguse, kuni tusiguse, matunda yaliyoanguka chini tusiguse. Na mtu anaficha nini serikali isisikie kama si dhahabu? Nikamalizia kumchana, nikamfunga nywele, nikaenda chumba cha nguo kufanya nilichofanya.

Maneno yangu nayakumbuka yote. Nilimwambia, "Ni kweli mdogo wangu, ni pale pale. Katikati ya miti mitatu. Kuna chokaa, mkiifikia chokaa mjue mmefika. Usimwambie mama, unajua alivyo na mashimo. Wala usimwambie mtu kwamba ni mimi." Halafu nikamwambia na lile la atakayegusa atakufa, nikaigiza na sauti ya bibi mwenyewe, tukacheka wote wawili.

Alichukua wenzake wawili. Siku ya tatu wakafika kwenye chokaa, na chini ya chokaa mifupa. Akanitumia picha: amesimama shimoni mpaka kifuani, amenyanyua pembe mbili za ng'ombe kubwa ajabu, amekenua meno yote, mkono una mchubuko mrefu wa damu. "Wajanja hawa," akasema. "Wameweka ng'ombe juu ili tukate tamaa." Nikamwambia endelea. Wakaendelea siku mbili zaidi, mifupa haikuisha. Zile pembe akazitundika juu ya mlango wa jikoni kwa mama.

Baada ya siku chache akanipigia picha ya mkono wake. Kidonda kidogo, kimevimba pembeni, katikati cheusi kama kilichoungua. Alisema hakiumi hata kidogo. Mimi, ninayetazama vidonda vya watu kila siku na kulipwa kwa hilo, nikamwambia labda buibui, osha kwa maji ya chumvi. Halafu homa ikaja, na baada ya homa kifua kikabana, na kila mtu, mimi wa kwanza, akajua ni korona. Mama akamfukiza. Majani ya mikaratusi aliyachuma kwenye ile mitatu, ndiyo iliyokuwa karibu. Nami kutoka huku nilimfundisha kwenye video kulala kifudifudi, kama nilivyofundishwa kazini, mto mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya nyonga. Alilala hivyo, akageuza uso kwenye simu, akasema, "Dada, hapa ni pazuri." Nadhani alikuwa ananifariji.

Alifariki siku ya nne. Nikaomba ruhusa ya kutoka Australia, kwa sababu wakati ule hata kutoka ilikuwa kwa ruhusa. Wakati majibu hayajaja walikuwa wamemzika. Nilitazama mazishi kwenye simu, nimesimama jikoni, mtu aliyeishika simu kule alikuwa anatetemeka na nilichoona zaidi ni miguu.

Wenzake wawili walitokwa na vidonda vile vile. Ndipo bwana mifugo alipofika, akaona pembe juu ya mlango, akauliza zimetoka wapi. Akasema ni kimeta. Ni ugonjwa wa ng'ombe, unakaa ardhini kuliko umri wa mtu, na unaingia kwenye mchubuko au kwa kuvuta vumbi. Wale wawili wakapewa dawa, dawa ya kawaida tu, wakapona. Wakasema marehemu aliwaambia kuna mtu anayejua amemwelekeza, lakini jina hakulitaja. Simu yake ilikuwa na namba ya siri na hakuna aliyeweza kuifungua. Aliitunza siri yangu mpaka kaburini, mtoto yule.

Mwezi wa Septemba binti wa yule bibi alikuja dirishani na daftari la baba wa mama yake. Alikuwa ameshatafsiri ukurasa kwa Kiingereza, akaniomba niusome kwa Kiswahili ili mama yake asikie sauti ya baba yake tena. Nikasoma. Ulikuwa ukurasa wa kimeta. Maksai wote wa shamba walikufa katika siku tano, na yeye aliwaandika kwa majina, mmoja mmoja: mmoja alikuwa na jina la mfalme, mwingine la mto, mwingine la dada yake mwenyewe, ambaye alikuwa mkaidi vile vile. Aliandika kwamba asingetoa taarifa, kwa sababu serikali ingefunga shamba kwa karantini na kahawa ya msimu ingeozea ghalani. Angefukia kwa chokaa na kupanda miti. Mstari wa mwisho ulisema boi watatu waliokokota mizoga walikula nyama kwa siri, wakafa. Majina yao hayakuwepo.

Nilisoma mpaka mwisho bila kusimama, kwa sababu ningesimama nisingeendelea. Bibi alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza alinitazama, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu mzima. "Mimi nasema wewe," alisema. "Hapana gusa. Mimi nasema wewe."

Binti yake aliuliza kule nje, "Amesema nini?" Nikamwambia amechoka. Nikavuta pazia.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mpaka leo kinanichoma kuliko vyote. Nilionywa. Nilionywa kwa Kiswahili, na mtu pekee aliyekuwa anajua, na mimi nikaona ni uchoyo. Yule mzee aliyewaficha watu ugonjwa ili auze kahawa yake nina hasira naye mpaka kesho. Lakini mtoto wake wa miaka tisini alijitahidi kuvunja amri ya baba yake na kusema kweli, akaniambia mimi, na mimi nikaigiza sauti yake.

Januari ukoo ukatangaza mara ya kwanza. Mama akanipigia kunieleza. Alikuwa amekonda hata sauti. "Kuna mtu alimtuma mwanangu kwenye shimo," alisema, "na mtu huyo anakula na kulala." Nikanyamaza. Februari wakatangaza mara ya pili, nikanyamaza. Nilijiambia nikimwambia, atakuwa amefiwa na wawili. Nilijiambia hayo ni mambo ya wazee, mimi nina kipaimara. Nikajiambia nitakwenda mipaka ikifunguliwa, nimwambie uso kwa uso, kwa adabu. Machi wakatangaza mara ya tatu. Nilikuwa mwoga, basi, tusizunguke.

Wiki ya Pasaka ndiyo nikashindwa. Nilimwangalia binti yangu anakula, mwenye jina la mama yangu, ana nyusi za mdogo wangu zile zile, nikafikiria neno uzao. Imani yangu ilikuwa palepale na hofu yangu ilikuwa palepale, hazikuzungumza. Nikaamua: Jumanne, kabla hawajakusanyika, nitampigia na nitasema. Nusu saa kabla. Nusu saa inatosha kumzuia mama asikishike chungu, na haitoshi kwa ukoo mzima kunipigia na kunipigia. Ndivyo nilivyopanga, kwa akili zangu.

Hesabu ya saa naijua kama kuhesabu vidole. Wakati wa kiangazi Sydney inawatangulia nyumbani kwa saa nane. Saa tatu yao ya asubuhi ni saa kumi na moja yetu ya jioni. Kwa hiyo saa kumi na nusu napiga, kwao ni saa mbili na nusu, wazee bado wanavaa makoti.

Siku hiyo nilifanya zamu ya asubuhi bila kuweka kitu mdomoni. Nilimlisha bibi uji wake, akala wote. Nikatoka saa tisa, nikapanda treni, nikashuka Rooty Hill, nikanunua mkate ambao sikuuhitaji. Shule zilikuwa zimefungwa, binti yangu alikuwa chumbani kwake. Nikaketi mezani jikoni, simu mbele yangu, nikaitazama mpaka ikasoma saa kumi na nusu. Nikapiga.

Mama alipokea mara moja. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi, wanazungumza chini chini kama wanaotoka msibani. Sikusalimu. Nilijua nikisalimu nitapoa.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Aliyemwelekeza ni mimi. Nilisikia kwa yule bibi wa Kijerumani ninayemtunza huku, nikamwambia achimbe. Msivunje. Waambie wazee wasivunje, ni mimi."

Nilisikia anatembea, sauti za watu zikabaki mbali, nikasikia mlango wa jikoni, ule unaolia.

"Huko ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na nusu. Huko mbili na nusu. Bado hamjaanza."

"Hapa ni saa tatu na nusu," mama akasema.

Nikatazama simu, nikatazama saa ya ukutani. Ya ukutani ilisema kumi na moja na nusu. Jumapili ya Pasaka, Sydney ilikuwa imerudisha saa nyuma, kama inavyofanya kila mwaka kiangazi kikiisha. Simu ilijirudisha yenyewe. Nilikuwa nimelala hiyo saa moja ya ziada, nikafurahi kuipata, na nikaendelea kuhesabu nane wakati zimebaki saba.

"Nilikishika mwenyewe," mama akasema. Hakuwa analia. "Walitaka mjomba wako akishike, nikakataa. Nikasema mwanangu nilimzaa mimi. Nikasema, aliyemtuma, yeye na uzao wake. Nikasema na mengine." Akapumua. "Vigae bado viko pale uwanjani. Wazee wanavitazama. Njoo nyumbani."

"Mipaka imefungwa, mama."

"Itafunguliwa lini?"

"Hakuna anayejua."

"Basi vitakungoja."

Nilitaka anitukane, angenitukana ningejua pa kushika. Nikasikia mlango wa chumbani unafunguliwa. Binti yangu alitoka, soksi miguuni, akaona uso wangu, akaona jina la bibi yake kwenye simu. Nadhani aliona nimenuna tu, na akataka kunisaidia. Akainama juu ya meza, akafanya lile moja analolijua vizuri.

"Shikamoo, Bibi."

Nilimsikia mama anavuta pumzi ya kuitikia. Nilimsikia anaizuia. Nyuma yake mtu mzima wa kiume alisema kitu kwa Kimeru, taratibu, na mama akasema, "Najua."

Binti yangu alinitazama, akagonga kioo cha simu kwa kidole. Alidhani mtandao umekatika. Akasogeza mdomo karibu zaidi, akaongeza sauti, akatamka silabi moja moja kama nilivyomfundisha akiwa mdogo.

"Shi-ka-moo, Bi-bi."